Nipo Kigoma, nimepimwa testosteroni nikaambiwa ipo chini nianze sindano, mtoa huduma wa kuaminika nitamjuaje?

MvuviKibirizi:

Wakuu habari za humu. Nimeandika ndefu kidogo ila naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili jambo linanikosesha raha.

Mimi ni mwanaume wa miaka 39, nipo hapa Kigoma mjini, kazi yangu ni dagaa. Nina mitumbwi pale Kibirizi na kipindi cha giza naingia ziwani mwenyewe na vijana wangu, tunatoka jioni tunarudi alfajiri, kukikucha kuna kuanika, kuna kuuza, kuna kuvutana na wanunuzi, kwa hiyo usingizi wangu ni wa kuibaiba. Nina mke na mtoto mmoja na tunatafuta wa pili, tena Mungu akipenda iwe mwaka huu huu.

Sasa tangu mwaka jana mwili umebadilika. Hamu ya tendo imeshuka sana, asubuhi uume hausimami kama zamani, nachoka hata kabla sijafanya kazi, kitambi kimeanza na hasira ziko karibu karibu. Mke wangu ni mwelewa lakini naona kabisa anawaza. Majuzi nikaumwa malaria nikalazwa nikapigwa sindano, nilipopata nafuu kidogo jamaa yangu akanielekeza kituo kimoja ambacho kinajitangaza wasap kwamba wanatibu homoni za wanaume, jina sitalitaja. Nikaenda saa tisa alasiri nimetoka kula wali na migebuka, wakanitoa damu, jioni wakanipigia wakasema testosteroni yako ni 2.9 na inatakiwa ifike 8, hali mbaya, anza sindano leo. Wana paketi ya miezi sita, laki tisa, unalipa yote mwanzoni, wanakuchoma wenyewe na hawakuandikii cheti. Nikauliza dawa inaitwaje, nikajibiwa ni ya Ujerumani. Basi. Hakuna aliyenipima presha, hakuna aliyeniuliza kama bado nataka mtoto.

Binamu yangu yupo Marekani anachoma hizo sindano na anasema zimemrudishia uhai, ila na yeye akaniambia usikubali kuchomwa na mtu asiyekuandikia jina la dawa. Ndo nikaona nije kwenu. Hiyo 2.9 ni ndogo kweli? Nianze au nisubiri? Na huku kwetu Kigoma au hata nikipanda treni nije Tabora, mtu anamjuaje daktari wa kuaminika kwa haya mambo, maana sa hivi kila kona kuna mtaalamu wa nguvu za kiume.

---

Chuma_Gungu:

Kaka we choma tu usijitese. Mi nipo gym mwaka wa tatu, kuna wenzangu wanachoma na wako fiti, mwili unajaa, hamu inarudi, usingizi mzuri. 2.9 kwa mtu wa miaka 39 ni ndogo mno. Hiyo laki tisa ndo kubwa, nitafute inbox nikuunganishe na mtu analeta mzigo kutoka Burundi bei chini.

---

Tabibu_Unyanyembe:

Mkuu MvuviKibirizi, pole na malaria na pole na hayo mengine. Mimi ni daktari, nipo Tabora, na kitu cha kwanza ninachokuomba ni usitoe hiyo laki tisa, na usichukue mzigo wa Burundi. Nitakueleza kwa nini, tulia usome.

Tuanze na namba yenyewe. Hiyo 2.9 bila kutaja kipimio haina maana, lakini kwa namna walivyokwambia itakuwa ni nanogramu kwa mililita, ambayo ni sawa na 290 kwa desilita, au karibu 10 kwa zile maabara zinazotumia nanomoli kwa lita. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani wanatumia mstari wa 300 kwa desilita, wale wa homoni wenzao mwongozo wao wa 2018 unataja 264 kama kiwango cha chini kwa vijana wenye afya na wasio wanene. Yaani wewe upo pale mlangoni kabisa, kwa mwongozo mmoja umeingia na kwa mwingine hujaingia. Na hiyo 8 waliyokutishia nayo iko huko juu karibu na ukomo wa kawaida, si mahali ambapo kila mwanaume anatakiwa awepo. Mtu anayechukua namba ya juu kabisa na kukuonyesha umepungukiwa anakuuzia kitu.

Halafu angalia walivyokupima. Testosteroni hupanda wakati umelala na huwa juu asubuhi, mchana inashuka, kwa hiyo damu inatolewa asubuhi, tuseme saa moja mpaka saa nne, ukiwa hujala kitu maana chakula nacho kinaishusha. Wewe ulitolewa saa tisa alasiri na wali tumboni. Ugonjwa wowote mkali unaishusha kwa muda, na wewe ulikuwa ndo kwanza unatoka kwenye malaria. Na usingizi! Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti 2011, vijana 10 wenye afya walilazwa masaa matano tu kwa usiku kwa wiki moja, testosteroni yao ya mchana ikashuka asilimia 10 mpaka 15. Vijana wenye afya, wiki moja tu. Sasa wewe unayekesha ziwani giza zima unategemea nini? Damu yako ilitolewa katika hali mbaya kuliko zote zinazowezekana na bado ikasoma 2.9. Mimi binafsi hapo napata matumaini.

Kwa hiyo utarudia kipimo, tena mara mbili, asubuhi mbili za siku tofauti. Subiri kwanza malaria iishe kabisa mwilini, wiki kadhaa hivi upate nguvu, halafu kwa kazi yako nakushauri upime kipindi cha mbalamwezi ambapo hamuingii ziwani na umeshalala usiku kama watu wengine kwa siku kadhaa mfululizo. Zote mbili zikiwa chini na dalili bado zipo, hapo tunaanza kuongea. Moja ikiwa chini na nyingine nzuri, au zote nzuri, hiyo sindano si yako.

Zikiwa chini bado hatuchomi. Tunauliza kwa nini. Tunapima LH na FSH, hizi ni homoni za kutoka tezi ya pituitari chini ya ubongo ambazo ndizo zinaamrisha korodani zifanye kazi. Zikiwa juu wakati testosteroni iko chini maana yake amri inatumwa ila korodani zenyewe zimeshindwa, labda zilipata matubwitubwi ukubwani, labda ziliumia, labda ni hali ya kuzaliwa nayo. LH ikiwa chini au ya kawaida tu wakati testosteroni iko chini, basi tatizo lipo juu, na hapo tunapima prolaktini (homoni ya maziwa, na wanaume wanayo), tunaangalia unene, kisukari, na dawa unazotumia. Watu wanaotumia tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, kwa muda mrefu, na nawajua madereva na wabeba mizigo wengi wa hivyo, homoni zao hushuka. Prednisoloni na deksamethasoni za muda mrefu nazo ni hivyo hivyo. Na mara chache kuna uvimbe kwenye pituitari, mgonjwa analalamika kichwa na macho kuona pembeni vibaya, sasa huyo ukimchoma testosteroni akajisikia vizuri uvimbe unaendelea kukua kimya kimya.

Sasa lile ambalo lingeniamsha usiku kama ungekuwa mdogo wangu. Umesema mnatafuta mtoto mwaka huu. Sindano ya testosteroni inazuia mbegu. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu unaacha kutuma LH na FSH, na korodani bila hizo amri zinaacha kutengeneza mbegu na zinasinyaa. Hii haina ubishi, Shirika la Afya Duniani walishafanya majaribio ya testosteroni enanthati miligramu 200 kila wiki KAMA UZAZI WA MPANGO WA WANAUME, matokeo yakachapishwa 1990 na 1996, na ilifanya kazi, wengi wao mbegu ziliisha au zilibaki chache sana. Ukiacha kwa kawaida zinarudi, ila inaweza kuchukua miezi sita, mwaka, wengine zaidi. Yaani ungelipa laki tisa kufunga uzazi wakati mkeo anahesabu siku zake. Mtu ambaye hakukuuliza swali hilo hafai kukuchoma hata vitamini. Kwa mwanaume mwenye tatizo la kweli na anataka mtoto zipo njia nyingine kama klomifeni au sindano za hCG, lakini hizo ni za mtaalamu anayefuatilia, si za kununua mwenyewe.

Na kabla ya homoni zote hizo pima sukari, presha, FBP (picha kamili ya damu), ini na figo, HIV kama hujapima karibuni. Wanaume wengi wanaokuja kwangu na uume kutosimama vizuri shida yao ni mishipa ya damu, sukari au presha, si testosteroni.

Kuhusu kumjua daktari, mimi nasikiliza maswali anayouliza. Wa kuaminika anakuuliza usingizi, watoto, dawa, kama unakoroma na kukata pumzi usiku, kama kwenu kuna saratani ya tezi dume, kama ulishapata kiharusi au mshtuko wa moyo. Anakushika, anaangalia korodani na matiti. Anaweza kukukatalia. Anakuandikia jina la dawa na dozi, na anakwambia utarudi lini kupima tena. Na malipo yake hayategemei wewe kuchomwa.

---

Mrugaruga_Ng'ambo:

Tabibu amemaliza kila kitu, mimi naongezea upande wa mtumiaji maana nachoma hizi sindano miaka sasa, nipo Tabora.

Yangu ilikuwa halali kabisa. Niliugua matubwitubwi nikiwa sekondari, korodani zikavimba, zilipopona zikabaki ndogo. Sikuwaza kitu mpaka nilipooa na mtoto hapatikani, kupima mbegu hakuna hata moja, kupima homoni LH iko juu sana na testosteroni iko chini sana, asubuhi zote mbili. Nikapewa rufaa nikapanda basi kupitia Nzega na Shinyanga mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza. Yule daktari bingwa siku ya kwanza hakunipa dawa. Alinipima tena, akanipima wingi wa damu, akanipima PSA (kipimo cha damu cha tezi dume), akaniuliza maswali mpaka mengine nikaona aibu, halafu akanikalisha na mke wangu akatueleza kwamba dawa hii haitaleta mtoto, itanipa nguvu, mifupa na hamu, mtoto ni mlango mwingine. Mke wangu alilia pale pale. Lakini tulitoka tunajua tulipo, na mimi tangu siku hiyo huyo daktari namwamini.

Natumia enanthati. Mwanzoni nilipewa ampuli ya miligramu 250 kila wiki mbili, zile siku za mwanzo unajisikia simba, zikikaribia kuisha unakuwa mnyonge na hasira juu. Nikarudi kupima baada ya miezi mitatu, hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, imepanda asilimia 55. Hapa MvuviKibirizi nisikilize vizuri: hii dawa inafanya damu iwe nzito, chembe nyekundu zinaongezeka, na ikipita asilimia 54 inabidi usimame maana damu inaweza kuganda mahali pabaya. Mimi nilikuwa sisikii chochote, tena nilijiona mzima kuliko wakati wowote. Bila kipimo ningeendelea kuchoma. Daktari akasimamisha, iliposhuka akanianzisha tena kwa dozi ndogo ya kila wiki na sasa niko kwenye 47, 48 hapo, na ile panda shuka ya hasira imekwisha.

Ndo maana ukiona paketi ya miezi sita haina hata kipimo kimoja cha katikati, kimbia. Sindano yenyewe mtu yeyote aliyesomea uuguzi anaweza kukuchoma, unachomlipia daktari ni ule ufuatiliaji, mwezi wa tatu, wa sita, halafu kila mwaka.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawasemi, ukishakaa nayo muda mrefu huwezi kuacha ghafla ukabaki ulivyokuwa. Korodani zilikuwa zimepumzika, ukiacha unakaa wiki na miezi uko chini kuliko hata ulipoanzia. Kwa hiyo jiulize dawa utaipata wapi mwaka mzima. Mimi naagiza famasi moja mapema kabla haijaisha maana kuna kipindi inaadimika mkoa mzima.

---

Chuma_Gungu:

Mrugaruga hapo kwenye damu kuwa nzito ndo nasikia leo. Hao wenzangu wa gym hakuna anayepima kitu. Na kuhusu moyo vipi, maana kuna mmoja analalamika mapigo.

---

Tabibu_Unyanyembe:

Huyo mwenzako aende hospitali leo, simaanishi wiki ijayo. Presha, kipimo cha umeme wa moyo na FBP.

Kuhusu moyo, mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa unaitwa TRAVERSE, wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 mpaka 80 wenye testosteroni ya chini kweli na waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata, nusu wakapewa jeli ya testosteroni nusu wakapewa jeli tupu. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikuzidi kwa waliopewa dawa, hilo liliwatuliza wengi. Ila mapigo ya moyo kwenda ovyo yaliongezeka, damu kuganda kwenye mapafu iliongezeka, na figo kushindwa ghafla pia. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ikabadilisha maelezo ya dawa hizi, onyo lile kubwa la moyo likatolewa na onyo la kupanda kwa presha likawekwa kwa aina zote. Na kumbuka hao walikuwa wanapewa dozi ya kurudisha mtu kwenye kawaida na wanapimwa kila mara. Vijana wa gym wanachoma mara kadhaa ya hiyo bila kipimo, huwezi kuchukua usalama wa wale ukajipa wewe.

---

Mama_Wawili_Ujiji:

Kaka MvuviKibirizi samahani naingilia mambo ya wanaume ila yamenikuta nyumbani kwangu. Mume wangu alikuwa hivyo hivyo, hamu hakuna, anachoka, anaamka kukojoa usiku mara kwa mara, na yeye akasema ni homoni. Wenzake stendi wakampa unga wa mizizi kwenye chupa, usiku ule ule alifanya kazi kama kijana, mimi mwenyewe nikafurahi. Wiki iliyofuata akauchukua tena, kichwa kikamgonga, macho yakaona ukungu, presha ikashuka akaanguka chooni. Tulipofika hospitali wakapima sukari, 17! Ni mgonjwa wa kisukari na hakuna aliyekuwa anajua. Amewekwa kwenye dawa, jioni anatembea kutoka Ujiji mpaka Mwanga na kurudi, ugali umepunguzwa, na mambo mengi yamerudi bila homoni yoyote.

Tena nakuomba kitu kimoja, nenda na wifi yetu hospitali. Usimfiche. Sisi wake mkikaa kimya tunajitafutia majibu wenyewe na majibu tunayoyapata huwa mabaya, tunafikiri kuna mwanamke mwingine.

---

Mfamasia_Isevya:

Mwangaluka wote. Mimi ni mfamasia Tabora, niseme upande wa dawa.

Dada wa Ujiji, huo unga mara nyingi unakuwa umechanganywa sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, ndo maana unafanya kazi usiku huo huo. Mizizi mitupu haifanyi hivyo kwa saa moja. Kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti huo mchanganyiko unaweza kuua, presha inaporomoka. Mkiupata tena msiutupe, upelekeni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kanda yetu ya magharibi ofisi yao ipo hapa Tabora.

Sasa hiyo dawa ya Ujerumani isiyo na jina. Testosteroni za sindano ziko za aina nyingi na kila moja ina kalenda yake. Enanthati na sipionati zinachomwa kila wiki au kila wiki mbili. Sustanon ni mchanganyiko wa testosteroni nne ndani ya mafuta ya karanga, kwa hiyo mtu mwenye aleji ya karanga au soya haruhusiwi kabisa, je huyo mtu alikuuliza kama una aleji? Nebido ni miligramu 1,000 kwa mililita nne, inachomwa msulini polepole kwa dakika kama mbili, baada ya hapo mgonjwa anakaa pale pale nusu saa aangaliwe kwa sababu mafuta yakiingia kwenye damu yanafika mapafuni unapata kikohozi kikali na kukosa pumzi, na ile inarudiwa baada ya wiki 10 mpaka 14. Sasa mtu akikuchoma asikwambie ni ipi, ukisafiri, ukiugua, ukienda kwa daktari mwingine, utasema umechomwa nini? Una haki ya kushika boksi, kusoma jina, tarehe ya kuisha, namba ya bechi, na kuona ampuli inavunjwa mbele yako. Wakikataa ondoka.

Ya magendo kutoka Burundi au popote sikushauri. Bosi wa mzigo hajui ulikaa wapi. Dawa hizi zinatakiwa chini ya nyuzi 30, si kwenye buti la gari juani, na ya feki huwezi kuijua kwa macho, nimeziona zenye maandishi mazuri kuliko za kweli. Jeli nayo kwa kuwa wengine wataiulizia: ukijipaka halafu ukambeba mtoto kabla haijakauka na kufunikwa na nguo, homoni inamhamia mtoto, na watoto wameshaota nywele za sehemu za siri kwa namna hiyo. Kwa nyumba zetu ambazo mtoto analala katikati mimi naiogopa.

Kuhakikisha watu: daktari awe na usajili Baraza la Madaktari Tanganyika, muulize jina kamili ukaangalie kwenye orodha yao mtandaoni, au ulizia kwa mganga mkuu wa wilaya. Famasi iwe na cheti cha Baraza la Famasi kimebandikwa ukutani na jina la mfamasia. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuuza sindano za testosteroni, likiwa nazo hilo peke yake linakupa jibu. Na waganga wa tiba asili wana baraza lao, usajili wa kule haumpi mtu ruhusa ya kuchoma testosteroni.

---

MvuviKibirizi:

Wakuu nashukuru sana, nimesoma na mke wangu pembeni, dada wa Ujiji ujumbe wako umefika. Kile kituo nimewaandikia kwamba sianzi, wakanijibu ofa inaisha Ijumaa, nikawablock.

Sasa nataka nianzie hospitali ya Maweni hapa Kigoma maana ni karibu. Nikifika pale naanza kusema nini, na hivyo vipimo vya LH nikiambiwa havipo? Na kipimo cha mbegu nacho nifanye au mpaka homoni zijulikane? Mtoto wetu wa kwanza ana miaka sita na hatujazuia kitu chochote.

---

Tabibu_Unyanyembe:

Mkuu hapo umefanya la maana.

Ukifika OPD sema dalili zako, usianze na neno homoni. Sema hamu imeshuka, asubuhi hausimami, nachoka, nilipata malaria tarehe fulani, nakesha ziwani, tunatafuta mtoto na hatujapata. Taja dawa zote, hata za kienyeji, hata energy drink za usiku. Omba uonwe na daktari wa upasuaji au wa mfumo wa mkojo kama yupo siku hiyo, au daktari wa magonjwa ya ndani. Sukari, presha na FBP utapata siku hiyo hiyo. Homoni kama mashine haipo, damu yako inaweza kutenganishwa na kupelekwa maabara kubwa, Mwanza au Dar, uliza inasafirishwa vipi na inasubiri kwa muda gani kabla ya kutoka. Ukiona majibu ya kuzunguka, afadhali upange safari moja ya Bugando kipindi cha mbalamwezi, ulale Mwanza usiku mmoja au miwili vizuri, uamkie maabara bila kula. Ukishuka kwenye basi la usiku ukaenda moja kwa moja kutoa damu tutakuwa tumerudi pale pale kwenye 2.9.

Kipimo cha mbegu fanya, tena usisubiri. Miaka sita bila kuzuia na bila mimba ni sababu tosha, na mkeo naye apimwe pamoja. Kaa bila tendo siku mbili mpaka saba, siyo zaidi, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili, usiiweke kwenye friji. Malaria ile ilikuletea homa kali, na homa kali inapunguza mbegu kwa miezi miwili mitatu, kwa hiyo wakikuta chache usichanganyikiwe, mwambie anayekupima kuhusu homa na urudie baadaye.

Kama unameza vile vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini acha siku kadhaa kabla ya kutoa damu, vinachanganya baadhi ya mashine za homoni. Majibu yakitoka yalete hapa na vipimio vyake na saa uliyotolewa damu, funika jina na namba ya faili.

---

Chuma_Gungu:

Yule mwenzangu nimempeleka leo asubuhi. Presha 170 kwa 105, FBP wamesema damu nzito sana, wamembakiza. Tabibu asante. Kaka mvuvi ile namba ya inbox nimeifuta.